Nimesema ukweli kuhusu filamu ya shemeji, sasa ukweni hapakaliki

Shangazi, assalaam alaikum.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nimeolewa Tanga kwenye nyumba ambayo watu wake wana ugonjwa mmoja: muvi. Jumapili ya mwisho wa mwezi tunakusanyika kwa mama mkwe, Makorora. Pilau ikishaliwa na vyombo vikaenda uani, wanaume wanajilaza kwenye mkeka, sisi tunavuta vigoda, na lazima mtu atauliza, "Haya, mwezi huu mmeona nini?" Hapo ndipo raha inapoanza. Mume wangu ni mtu wa mapigano, kwake muvi isiyo na bunduki ni taarifa ya habari. Wifi yangu mkubwa kazama kwenye tamthilia za Kituruki, zile zilizotiwa sauti za Kiswahili. Mama mkwe ni wa Kihindi cha zamani. Ukimtajia Sholay atakusimulia Amitabh anavyokufa mpaka udhani yeye ndiye aliyemzika.

Mimi sifa yangu kwenye kundi hilo ni moja: sina huruma na muvi. Kibaya nakiita kibaya. Nilipokuwa bi harusi mgeni niliogopa nitaonekana sina heshima, kumbe ndicho walichonipendea. "Muulizeni mke wa kaka, huyo hapepesi macho." Kuna siku niliichambua sizoni moja ya Kikorea, ile ya msichana anayelia kuanzia asubuhi mpaka usiku na wanja hautoki, mama mkwe alicheka mpaka kanga ikamvuka begani.

Sasa Shangazi, shemeji yangu wa mwisho yuko Dar, na kwa muda mrefu amekuwa akihangaika na uigizaji. Mwaka huu kapata nafasi kwenye filamu moja, jina niache nilihifadhi. Alipokuja nyumbani alituletea kwenye flashi, kila mtu akaihamishia kwake akaangalie kwa nafasi yake. Jumapili iliyofuata ya kukusanyika na yeye alikuwepo. Alikuwa kavaa shati la kupendeza, kakaa kwenye kiti karibu na mlango, hakujilaza kama wenzake. Swali la kila siku likaulizwa. Wifi akasema nzuri sana. Mume wangu akasema nzuri, hongera mdogo wangu. Mama mkwe akasema mashallah. Kisha ikafika zamu yangu.

Nikasema kama ninavyosema siku zote. Nikasema sauti haisikiki, maneno mengine nimeyakisia, na kuna kipande cha nje kunguru wa Dar wanasikika kuliko waigizaji. Nikasema mgonjwa kalazwa hospitali na dripu kabandikiwa juu ya mkono wa shati, hiyo dawa inaingia kwenye kitambaa. Nikasema mtu anashuka garini mpaka anafika mlangoni wimbo mzima umekwisha, na hapo ndipo usingizi uliponipitia, kuamka nakuta watu wanazika.

Walicheka, Shangazi. Wifi alicheka, na mume wangu alicheka. Shemeji hakucheka. Alisema, "Ahsante, shemeji," akasogeza kikombe cha chai ambacho hajakigusa, akaaga kwamba anawahi basi. Kicheko kikakatika pale pale. Mama mkwe akanitazama, akasema, "Kumbe mwenzetu ndivyo unavyotuona." Akaingia chumbani.

Tangu siku hiyo salamu yangu anaijibu nusu. Mume wangu ananiambia, "Kwani ungesema nzuri ungepungukiwa nini?" Mimi naona nimeonewa. Nilichosema ni kweli, na wote wanajua ni kweli, ndiyo maana walicheka. Sikumtukana mtu. Jumapili iliyopita nilikaa nimenyamaza, mtu akauliza umeona nini, nikasema sijaona kitu, na nilikuwa nimeona filamu nzuri sana ambayo ningetamani kuizungumza.

Naomba unisaidie. Niombe radhi kwa kusema kweli? Na kuanzia sasa niwe nafunga mdomo, au nijifunze kusema nzuri kama wengine? Halafu, kama una nafasi, nisaidie na hili: wifi yangu anasimulia mwisho wa tamthilia kabla wengine hatujafika. Tumemsema, haachi.

Mke wa Kaka, Tanga.

SHANGAZI ANAJIBU

Waalaikum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeirudia mara ya pili nikitafuta kitu, nikakikosa. Kunguru nimewasikia. Dripu nimeiona. Mtu wa kwenye gari nimemsindikiza mpaka mlangoni. Lakini shemeji yako kwenye filamu hiyo alikuwa nani? Ndiye mgonjwa? Ndiye daktari? Ndiye aliyeshuka garini, au ndiye aliyezikwa? Hujaniambia alicheza nafasi gani, wala kama aliicheza vizuri au vibaya. Na kama mimi Shangazi mwenye ukurasa mzima hukuniambia, naamini na yeye pale mlangoni hukumwambia.

Nafikiri kidonda kiko hapo. Mume wako anadhani umekosea kwa kusema kweli, wewe unadhani umeonewa kwa kusema kweli, na mimi naona ukweli wenyewe hukuufikia.

Yapitie tena uliyoyasema. Sauti mbovu: maiki ikiwa juu ya kamera, na kamera ikiwa mbali na wanaoongea, inachukua chochote chenye nguvu. Kunguru yuko juu ya mwembe, jenereta liko nyuma ya ukuta, bodaboda inapita, vyote vinaingia, na sauti ya mwigizaji inafika imechoka. Dawa yake ni mtu wa sauti kusimama pembeni na maiki ya fimbo, au kurudia maneno studio baadaye, na vyote viwili ni pesa. Mwigizaji hana maiki. Dripu juu ya shati: hiyo ni kazi ya anayeandaa vifaa na ya mwongozaji aliyeangalia akasema endelea. Nami nakubaliana nawe kabisa, dripu za filamu zetu zimeniudhi miaka mingi, mtu anapata nafuu kwa dawa iliyolowesha kola. Mtu kutembea wimbo mzima ni mhariri, au ni mwenye filamu anayetaka iwe ndefu. Enzi za DVD tulikuwa tunauziwa Sehemu ya Kwanza na Sehemu ya Pili, kila moja kwa bei yake, na kutembea kwingi kulijaza hizo sehemu mbili. Mazoea hayo hayajaisha yote.

Kwa hiyo kila ulichokitaja kilifanywa na mtu mwingine. Shemeji yako alikuja na shati lake la kupendeza akingoja sentensi moja inayomhusu yeye. Wote mkeka mzima, nzuri, nzuri, mashallah, halafu wewe. Kwenye nyumba hiyo wewe ndiye mwenye sifa ya kutopepesa macho. Naamini neno lako ndilo alilokuwa analisubiri kuliko la mama yake, kwa sababu mama atasema mashallah hata mtoto akiigiza mti. Ukampa kunguru.

Na hilo la usingizi sitaliruka. Ulilala mtu akiwa anakwenda mlangoni ukaamka watu wanazika. Hapo katikati kuna filamu, mwanangu. Huenda kipande chake kikubwa ndicho ulichokilalia, na yeye anajua hivyo, maana anaijua filamu dakika kwa dakika. Mtu anaweza kusema muvi imenichosha nikaiacha, hayo ni maoni halali, nami nimeziacha nyingi. Ila ukishalala huwezi tena kuwa hakimu wa kitu kizima.

Sasa kuhusu mkeka wenu. Nataka nikutetee kidogo, kwa sababu naona unaanza kujiona una ulimi mbaya, na sidhani.

Watu wetu hawajawahi kuangalia muvi kimya. Aliyewahi kuingia kibanda umiza anajua: benchi za mbao, joto, na kelele za watu wanaomwonya stelingi kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Hata sauti ya kutafsiri ilikuja na maoni yake ndani. Hapa Tanzania Lufufu alikuwa anaweka Kiswahili juu ya muvi za nje na wakati huo huo anamcheka adui. Kenya wana DJ Afro, na Uganda wanawaita VJ, nao ni hivyo hivyo, wanatafsiri huku wanatia chumvi. Mchina wa kwenye muvi akipigwa, mtafsiri anamwambia ulipoambiwa ukae nyumbani ulikataa. Kibanda kizima kinaanguka kicheko. Kwenu Makorora mnafanya hayo hayo kwenye mkeka baada ya pilau, na ni jambo zuri.

Lakini uhuru huo wote unasimama juu ya kitu kimoja: mwenye muvi hasikii. Msichana wa Kikorea na wanja lake hatajua kama kuna mtu Tanga kamchambua. Amitabh hayupo kwenye kigoda cha pili. Siku ile mwenye muvi alikuwepo, kakaa kwenye kiti, hakujilaza. Wewe mwenyewe umeliona hilo ukaniandikia, kwamba hakujilaza kama wenzake. Macho yako yaliona hakuja kama mtu wa mkekani, ulimi ukaendelea na mazoea.

Zipo sehemu ambapo mwenye filamu anakaa mbele ya watu kwa makusudi akasikilize. Tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, lina miaka mingi likionyesha filamu pale Ngome Kongwe, na mara nyingi mwongozaji husimama akaulizwa maswali. Anakuwa amejiandaa, na wanaomuuliza wameiona yote. Shemeji yako alikuja kula pilau kwa mama yake.

Tuje kwa mume wako na "nzuri" yake. Mwambie Shangazi hakubali. Hao waliosema nzuri hawakumpa mdogo wao chochote cha kuondoka nacho. Nzuri wapi? Kipande gani? Wifi yako alisema nzuri sana, kisha akacheka kuhusu dripu. Kijana anaijua hiyo hesabu. Neno "nzuri" likikaa peke yake ni salamu tu, na salamu hazimsaidii mtu anayetafuta kujua kama anaweza kazi au hawezi.

Nikupe mfano wa filamu ambayo mwenye nayo hayuko mkekani kwenu. Ilipokuja Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, wengi walioisoma riwaya shuleni waliingia kuiangalia wakiwa tayari wana Yasmin wao, yule mhusika mkuu, kichwani. Anayekuja kwako na kusema "wameharibu kitabu" amefunga mjadala, utabaki kusema ndiyo au siyo. Anayesema "mimi Yasmin wangu wa kidato cha tano alikuwa anasema sana, huyu wa kwenye filamu anatazama zaidi kuliko kusema, na mwanzoni nilimkasirikia" amekupa mahali pa kushika. Unaweza kumbishia. Unaweza kwenda kuiangalia tena kwa ajili ya macho ya Yasmin tu. Wewe kipaji hicho unacho, mwanangu. Mtu aliyeiona plasta juu ya mkono wa shati ana jicho. Ulilielekeza kwenye shati tu.

Basi fanya hivi. Iangalie filamu yote, usiku watoto wakilala, na uvae spika za masikioni ili kunguru wasikusumbue. Usiangalie huku unakaanga. Kila anapotokea shemeji yako simamisha, rudisha nyuma, angalia. Anasimamaje? Mwenzake akiongea yeye anafanya nini, anasikiliza kweli au anasubiri zamu yake? Sauti yake ni ya mhusika au ni ile ile ya kuomba chumvi nyumbani? Je, kauvaa uhusika? Utapata kitu. Hata kwenye filamu mbovu kabisa huwa kuna mahali mwigizaji kafanya jambo dogo la kweli, kageuza shingo tu, na hakuna aliyemwambia afanye.

Ukishakipata, mpigie simu. Usiandike, maana maandishi hayana sauti, na kati yenu sasa hivi sauti ndiyo inayohitajika. Na usimtume mume wako akuombee. Hili si la kutumwa mtu. Mwambie kwa namna yako: "Shemeji, siku ile nilizungumzia filamu, kazi yako sikuizungumzia, na nilikuwa nimeilalia. Nimeiangalia yote jana." Kisha kitaje kile kipande. Kitaje hasa, mahali alipokuwa, alichokifanya, na wewe ulihisi nini. Baada ya hapo nyamaza umwachie nafasi.

Radhi ya kuomba ni hiyo hapo, ya kuhukumu kitu ulichokilalia. Ya kunguru usiombe. Dripu nayo iache kama ilivyo, usianze kusema haikuwa mbaya sana, atajua unamdanganya na kile kizuri ulichokisema nacho atakitupa. Nadhani mwenyewe aliiona hiyo dripu siku ya kurekodi. Kwenye filamu za bajeti ndogo mwigizaji mara nyingi huja hata na nguo zake mwenyewe. Hana sauti ya kumwambia mwongozaji asimamishe kamera wapandishe mkono wa shati. Inawezekana mkishaelewana atakuchekesha yeye kwa visa vya siku hiyo, na vitakuwa vya kuchekesha kuliko vyako.

Na kama umeangalia yote ukaona hajui kuigiza? Usimpigie kumwambia hilo. Mpigie umwambie umeiangalia, mtajie unachoweza kukitaja, na yeye akiuliza, "Shemeji, niambie kweli," hapo mwambie kweli, taratibu, mkiwa wawili. Asipouliza, hajakupa ruhusa.

Kwa mama mkwe usiende na hoja. Usimweleze maiki, usimweleze mhariri. Alisema, "Kumbe mwenzetu ndivyo unavyotuona." Sikiliza hilo "tu." Yeye hakusikia filamu ikichambuliwa, alisikia familia yake na mwanawe wa mwisho wakichambuliwa na mwenzetu, yaani na wewe wa kuja. Huwezi kumshinda kwa maneno hapo. Wewe nenda kama kawaida, shika kisu cha vitunguu, na mwache habari aipate kwa mwanawe. Siku shemeji atakapompigia mama yake na kusema "shemeji alinipigia, tumeongea sana," salamu yako itarudi kuwa nzima. Nadhani haitachukua muda.

Sasa swali lako la kufunga mdomo, ambalo ndilo lililonifanya nichague barua yako. Usifunge. Nitakwambia kwa nini, na nitakwenda mbali kidogo.

Mwaka 2011 TBC walionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, ya binti anayeitwa Doudou na mama wakwe zake. Unaweza kuwa ulikuwa mdogo. Ilipendwa hata Rais Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam Machi 2013 akaitaja kwenye hotuba yake. Binti wa Kichina, ghorofani Beijing, chakula cha vijiti, na bado wanawake wa hapa walimwelewa kuliko walivyoelewa tamthilia nyingi. Ilikuwa inampa mkamwana nafasi ya kusema, mbele ya mkwe wake mwenyewe, "Mimi namwonea huruma Doudou, yule mama anamwingilia mno jikoni," na mkwe akajibu, "Doudou naye ana haraka, angemsikiliza mama." Wote wawili wanajua wanazungumza habari za jiko lipi. Hakuna aliyetajwa, hakuna aliyekasirika, na kesho yake jikoni kunakuwa na nafasi kidogo.

Watu wanaoulizana mmeona nini wanafanya kazi hiyo bila kuipanga. Mume wako na bunduki zake, wifi na Waturuki wake, mama mkwe na Amitabh anayekufa kila mwezi, kila mmoja anasema yake kwa mdomo wa wengine. Wewe wa kuja ulipewa kigoda kwenye duara hilo na ukapendwa kwa ulimi wako. Ukinyamaza sasa, mama mkwe ataamini kwamba alichokidhani ni kweli, kwamba ulikuwa unawatazama kwa mbali. Hiyo filamu nzuri uliyoiona ukasema hujaona kitu, Jumapili ijayo anza nayo. Itaje jina, na useme kipande gani kimekufanya usilale. Na ikija filamu ya nje yenye dripu juu ya shati, ichinje kama zamani, watakuwa wameikumbuka ladha ya ulimi wako.

Shemeji akileta flashi nyingine, na inshallah ataleta, iangalie kabla hujakaa kigodani, na cha kwanza kutoka mdomoni kiwe kinachomhusu yeye. Kunguru wafuate baadaye, akiwa ameshakunywa chai.

Wifi yako na miisho yake ni kesi nyepesi. Sholay ni ya mwaka 1975, Amitabh anaruhusiwa kufa mbele ya kila mtu, hata mbele ya watoto. Tamthilia ya Kituruki inayoendelea ni jambo lingine. Kabla hajafungua mdomo aulize, "Mmefika wapi?" na asimulie mpaka pale alipofika aliye nyuma kuliko wote. Akikataa, mpeni zamu ya mwisho, wenye haraka ya kujua nani kamwoa nani wabaki mkekani, nyie wengine mtakuwa uani na vyombo.

Shangazi